Sifa Moja, Wenyewe Watatu

Hapo zamani, na wala si zamani za sungura kubishana na fisi, ni zamani hizi za juzijuzi, Serikali ilipotangaza kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kidole, palikuwa na mwanamke pale Korogwe akiitwa Semeni. Kidole Semeni alikuwa nacho, tangu kuzaliwa. Alichokosa ni kitambulisho cha taifa, na kidole kisicho na kitambulisho, mbele ya Serikali, ni cha kulia ugali tu.

Kitambulisho alikuwa amekiomba. Kila alipokwenda kukiulizia aliambiwa kiko njiani. "Basi kinakuja kwa miguu," alisema Semeni, "tena kinachechemea."

Mbwana, mume wa dada yake, akamwonea huruma. "Shemeji, utakaa bila simu kama bubu? Twende nikakupigie kidole."

Wakaenda. Mbwana akabandika kidole, laini ikaandikwa jina la Mbwana, simu akatumia Semeni. Halikuwa jambo la ajabu. Mji mzima uliishi hivyo, mke kwa kidole cha mume, bibi kwa kidole cha mjukuu, na inasemekana hata karani aliyekuwa akisajili alipigiwa kidole na mpwawe. Sheria ilikataza. Lakini sheria nayo haikuwa imeleta vitambulisho.

Sasa, kazi ya Semeni ilikuwa kukodisha viti vya shughuli. Alianza na viti vichache vya plastiki, vya kutosha hitima ya mtu asiye na jamaa wengi. Mkabala na nyumba yake palikuwa na kibanda cha Nakijwa, wakala wa pesa za simu, mwanamke wa Kipare asiyepoteza neno wala shilingi. Nakijwa ndiye aliyemwonyesha benki ya kwenye simu: benki isiyo na jengo, isiyo na mlinzi, isiyo na kalamu iliyofungwa kamba kama mbuzi. Unaweka humohumo, unakopa humohumo, unalipa humohumo.

Mbwana alicheka hadi akakaa chini. "Benki isiyo na mlango, shemeji! Siku ikikudhulumu utaipigia kelele wapi, kwenye chaja?"

"Nitakupigia wewe. Si kidole chako?"

Akakopa, akanunua viti, akakodisha, akalipa. Akakopa tena, akanunua turubai, akakodisha, akalipa. Akakopa tena, akanunua masufuria ya pilau, yale ambayo mtoto akitumbukia anatafutwa, akakodisha, akalipa. Watu wakasema anacheza. "Hivyo vijisenti vya simu nani anavihesabu? Benki ya kweli inataka kukuona umevaa viatu."

Semeni hakubishana nao. Akakopa, akalipa.

Ndipo siku moja Mzee Kiluwasha, mwenye ghala kubwa kuliko yote ya vifaa vya shughuli, akatangaza kwamba amechoka na anauza. Jamani, ghala lile! Watu wa Korogwe walioana wakiwa wamekalia viti vya Kiluwasha, wakabatizana na kufanyiana akika chini ya maturubai ya Kiluwasha, wakafa, na matanga yao yakapikiwa kwenye masufuria ya Kiluwasha. Mwenye ghala lile alikuwa na mji mkononi. Mnunuzi kutoka Tanga alikuwa amekwisha kukodi lori. Mzee Kiluwasha akamwambia Semeni, "Mwanangu, wewe ningekupenda zaidi. Lakini mapenzi hayanilipii matibabu. Kesho asubuhi yule anakuja. Ukimtangulia, ni lako."

Semeni akavaa viatu, akaenda benki. Benki yenye mlango.

Alikwenda kifua mbele, maana kitambulisho chake hatimaye kilikuwa kimefika wiki ile, na picha yake ndani yake ikiwa ya msichana aliyekuwa akikaribia kusahaulika. Ofisa mikopo, Bwana Msechu, akaingiza namba, akangoja, akatikisa kichwa.

"Hayumo."

"Nimo, nimekaa mbele yako."

"Kwenye mfumo, mama. Huna historia. Hujawahi kukopa popote."

"Mimi? Mimi nimekopa mpaka kidole gumba kimeota sugu!" Akamweleza habari za benki ya simu, akamtajia namba yake. Bwana Msechu akaiandika kwa adabu ya mtu anayemridhisha mteja ili aondoke. Mara akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwenye namba hii anaitwa Mbwana. Mama, huyu Mbwana ni malaika! Wakopaji wa namna hii mimi huwasikia kwenye semina tu."

"Malaika huyo ni mimi," akasema Semeni. Ofisa akamtazama, akatazama tena kioo.

"Kumbe hizi benki za simu zinasema?" Semeni akauliza, maana hata yeye alikuwa na shaka kidogo aliyoificha.

"Zinasema sana. Kila unachokopa humo na kila unachorejesha kinapelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji, nasi huku tunasoma. Ukilipa vizuri zinasema. Ukichelewa, hapo ndipo zinapopaza sauti." Akakohoa. "Tatizo ni kwamba zimemsema Mbwana."

Mbwana akaitwa. Akaja na vumbi la mbao kichwani, maana alikuwa seremala. Nakijwa naye akafunga kibanda, akaja kuwa shahidi. Ofisa akawaeleza. Semeni akadhani neno limekwisha, watu wake wamefika, wataeleza, atapewa. Lakini Mbwana alikuwa ameona kile kioo na jina lake juu yake, likiwa limezungukwa na kijani kama shamba la mpunga.

"Shemeji," akasema, "mimi pia nina haja. Nataka mashine ya randa. Jina ni langu, kidole ni changu."

"Na jasho?" Semeni akaruka. "Kidole ulikibandika mara moja tu, ukarudi kwako ukanawa! Nani alibeba viti mvuani? Nani alidai fedha za turubai kwa bwana harusi aliyekwisha kutoroka na mwingine? Nilikopa mimi, nililipa mimi. Hiyo sifa ni tabia yangu. Imekosea nyumba tu."

"Umesema. Sasa nisikilize na mimi. Mwaka ule mwanangu alipochaguliwa kwenda sekondari, nilikwenda benki kukopa ada. Wakaniambia, wewe una mkopo mahali, ulipe kwanza. Nikajua ni wako. Yule kijana wa dirishani akanishauri nikaikane laini, ifungwe, dakika moja tu, niwe huru. Nikakataa. Nikauza ng'ombe wa maziwa. Hukuwahi kujiuliza kwa nini chai ya kwetu ni ya rangi?"

"Dada aliniambia maziwa yanamletea kiungulia."

"Kiungulia alikuwa nacho, lakini cha ng'ombe kuondoka." Mbwana akageuka kwa ofisa. "Na angeshindwa kulipa, bwana, nani angetafutwa? Mgambo wangekuja kubeba makochi ya nani? Miaka yote hiyo nimelala na shingo yangu kwenye simu ya mtu mwingine. Aliyebeba hatari ya aibu asile heshima?"

Habari ya ng'ombe ilimchoma Semeni, kwa sababu alikuwa amekunywa maziwa yake na kumsifu.

Ndipo Nakijwa akasema, kwa sauti ileile ya kutaja salio.

"Wote wawili mnagombania nguo niliyoizuia isiungue. Semeni, ulipolazwa kwa taifodi, ulikuwa hujui jina la mama yako. Siku ya marejesho ikafika. Nilikuona kila siku ya kulipa dirishani kwangu. Siku ile sikukuona. Nikachukua fedha zangu za kazi, nikaziweka kwenye namba yako, benki ikajikatia deni lake yenyewe. Kibanda changu kikabaki na meza tu. Wateja wakahamia kwa jirani, na wengi hawajarudi mpaka leo."

"Nilikurudishia, Nakijwa! Nilipopona tu."

"Fedha ulirudisha. Wateja hukurudisha. Na isingekuwa mimi siku ile, baba huyu angesoma nini hapo kwenye kioo? Si kijani. Mimi ndiye niliyekufundisha benki hiyo, na mimi ndiye niliyeiokoa sifa yenu. Nataka mtaji wa kibanda kikubwa, na sioni haya kusema."

Bwana Msechu, ambaye hakuwa amefurahi hivi kazini tangu aajiriwe, akaomba radhi akaingia kwa meneja. Akatoka akiwa na uso wa serikali.

"Meneja anasema hivi. Kanuni zetu zina kurasa nyingi na hakuna ukurasa mmoja uliowafikiria ninyi. Lakini ipo nafasi ya maelezo maalumu. Mtaje mtu mmoja, mmoja tu, kwamba ndiye mwenye sifa hii. Wawili watie sahihi ya kumkubali na kumdhamini. Historia yote itahamishiwa kwake, na mkopo atapewa leo. Hao wawili wataanza upya, wasiojulikana, kama watoto wachanga. Msipokubaliana, simpi mtu, na nafunga jalada."

"Hata nikiwa na jina?" akauliza Mbwana.

"Hasa ukiwa na jina. Umekiri mwenyewe mbele yangu kwamba simu si yako."

Wakatazamana. Nje mlinzi alikuwa ameanza kuteremsha vyuma vya madirisha, na huko barabara ya Tanga, kwa hesabu za Semeni, dereva wa lori alikuwa anajaza mafuta. Mbwana akaangalia vidole vyake. Nakijwa akafunga kibeti akakifungua. Semeni akavuta kiti mbele, akakaa wima, kama mtu ambaye ghala lile tayari anajua atalipaka rangi gani.

"Mimi nimeshasema," akasema, "na sirudii. Semeni ninyi. Shemeji, dada yangu nitamwangalia usoni vyovyote iwavyo. Nakijwa, kesho nitakuja dirishani kwako vyovyote iwavyo. Lakini kalamu hii tuishike kwa haki, si kwa huruma."

Bwana Msechu akaisukuma kalamu katikati ya meza. Ilikuwa imefungwa kamba, kwa hiyo haikufika mbali.

Hapo ndipo nilipowaacha, nami nawageukia ninyi mlionyamaza muda wote huu mkijifanya hamna upande. Yuko aliyekopa akalipa, akalipa tena, mpaka sifa ikazaliwa. Yuko aliyetoa jina lake, akala hatari yake na chai ya rangi juu, asiseme. Yuko aliyeishika sifa ile siku ilipokuwa inaanguka, ikamgharimu riziki. Kalamu ni moja, na mlango unafungwa. Haya, wenzangu, kabla mtu hajainuka hapa: lingekuwa juu yenu, mngeandika jina la nani?