Ziwa la Maua Nalo Hulowesha

Ziwa la maua nalo hulowesha. Mmemsikia bibi yenu Nyassa akiyasema maneno hayo jikoni, mkacheka, mkaniuliza ni ziwa gani hilo. Kaeni basi, na sufuria iacheni ichemke. Chimbuko la methali hii ni hili.

Bibi Wabiwa mnamjua kwa maandazi yake tu. Kwao ni Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Mumewe alifia kambini, ukimbizini, mbali na maji. Katika ukoo wao mjane havui kitambaa cheusi mpaka wifi yake amwoshe ziwani. Kambini palikuwa na bomba, na wazee walisema bomba halioshi msiba. Baadaye wakapandishwa ndege, wakaletwa huku Idaho, na kitambaa kikaja naye kichwani.

Miaka ikapita. Wabiwa aliliota ziwa usingizini, akaliota hata akiwa macho, mikono ikiwa kwenye vyombo vya watu. Kilichomkata maini zaidi ni harusi ya bintiye, Sifa. Mwenye msiba hamwimbii bibi harusi wala hamgusi kichwa. Mama mzazi angekaa nje ya ukumbi kama mpita njia.

Harusi ilipokaribia, mwezi wa tano, theluji ikiwa imeyeyuka, alikwenda na wifi yake Nyassa kuchukua mbuzi kwa mkulima mmoja ng'ambo ya vilima. Nyassa ndiye aliyeendesha gari, tena vibaya kama anavyoendesha hadi leo. Walipofika juu ya kilima cha mwisho, Wabiwa alipiga ukelele.

"Simamisha! Wifi, ziwa!"

Kweli, bonde zima lilikuwa buluu tupu, na upepo ulilipigisha mawimbi. Wabiwa hakungoja. Aliteremka mbio huku amekusanya kitenge mkononi, akilitaja jina la mumewe. Alipofika aliinama ateke maji, akashika maua.

Yalikuwa maua yanayoota kwenye vitunguu vya porini vilivyojificha topeni. Wenyeji wa asili wa nchi hii wamevichimba na kuvioka tangu enzi za mababu zao. Huitwa kamasi. Msicheke, maana siku ile hata kamasi zenyewe hazikukosekana.

"Hata huku linanikimbia!" alilia Wabiwa. "Twende zetu. Mbuzi anatungoja."

Nyassa alikuwa amefika akihema. Hakugeuka kurudi. Alitazama miguu ya wifi yake.

"Na hicho kitenge, nani amekilowesha mpaka magotini?"

"Ni maji ya majanini tu."

"Ni maji."

"Si ya kwetu, Nyassa! Mimi nataka yale ya kwetu."

"Hata mimi nayataka," alisema Nyassa. "Kaka yangu naye alitaka kuzikwa kwao, akapokea udongo aliopewa. Inama, wifi. Mwenye kuosha ni mimi."

Alichota kwa viganja katikati ya mashina, maji ya baridi yenye matope, akamwosha uso, kichwa na miguu. Kitambaa cheusi kilipofunguliwa hakikuelea kwenda zake kama ambavyo kingeelea Baraka. Kilinasa juu ya maua, nao wakakiacha hapo.

Waliporudi, akina mama wazee waliyaona yale matope, wakauliza kwa ukali mjane ameoshwa katika ziwa gani. Nyassa akawajibu huku akimfunga mbuzi. Wakatazamana, kisha mmoja wao akapiga kigelegele.

Siku ya harusi Wabiwa alimshika Sifa kichwa, akamwimbia nyimbo za ziwani mpaka sauti ikakauka. Lakini msidhani kiu ilimwisha. Hadi leo, gari likipanda kilima, hunyoosha shingo kutafuta maji ng'ambo. Asipoyaona huirudisha, na Nyassa, mikono ikiwa kwenye usukani, humwambia lile alilowajibu wazee siku ile: ziwa la maua nalo hulowesha.