Mtungi wa Mwalimu Luo

Hapo zamani, bendera ya uhuru ikiwa bado ina harufu ya dukani, alifika Tanga Mwalimu Luo, mcheza sarakasi kutoka China. Serikali yake haikumtuma na bidhaa wala bunduki. Ilimwambia awafundishe vijana wa rafiki zao kila anachokijua, kisha arudi. Naye alifundisha kweli, kwa moyo mweupe, akila ugali na dagaa kama sisi.

Alikuja na mtungi wa kaure, mkubwa, wenye maua ya buluu. Alipewa na mwalimu wake, naye alipewa na wake. Desturi yao ni hii: mtungi haugawanywi. Anaurithi mwanafunzi mmoja tu, na huyo ndiye huwa mwalimu wa wengine. Mwalimu Luo alikuwa mtu mzima, hana wanafunzi wengine ila vijana wetu watatu: Mbaruku, Mwanakombo na Shekue. Akikosea kuchagua, kazi ya maisha yake inafia hapo.

Ikafika siku ya maonyesho. Uwanja ukajaa, wageni wa China mbele, wakubwa wetu mbele. Mbaruku ndiye wa kuurusha mtungi juu na kuudaka kwa kichwa. Alikuwa amefanya mazoezi mpaka utosi ukaota sugu. Lakini asubuhi ile mama yake alimwambia, "Utasimamaje mbele ya wageni na kichwa kikavu hivyo? Watasema huna mama." Akampaka mafuta ya nazi, mengi, ya mapenzi.

Mtungi ulipotua, uliteleza.

Mwanakombo, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuzungusha sahani, alijirusha akaudaka kifuani. Mtungi ukapona. Kiwiko chake kikavunjika.

Watu wakaanza kuguna. Hapo Shekue, mpiga ngoma, akageuza mdundo na kuimba sifa za binti aliyedaka mwezi. Uwanja mzima ukaitikia. Wageni wakadhani mchezo ulipangwa hivyo, wakasimama kupiga makofi. Hakuaibika mtu, si wao si sisi.

Siku ya kuondoka, wote watatu walimsindikiza Mwalimu Luo stesheni.

"Mwalimu, hakuna anayeujua mtungi kama mimi," alisema Mbaruku. "Yaliyokosea ni mafuta. Kichwa hakikukosea."

"Bila mimi mngekuwa mnaokota vigae," alisema Mwanakombo. "Daktari amesema mkono huu hautanyooka tena. Nimeutoa kwa ajili ya mtungi. Kurusha siwezi, kufundisha naweza."

Shekue alikohoa kidogo. "Mimi sijawahi kujitwisha mtungi huo, sikatai. Lakini ulituambia umetumwa kuleta urafiki. Siku ile, Mwalimu, urafiki huo aliudaka nani?"

Mwalimu Luo aliwatazama mmoja mmoja. Alijivunia vijana wale kuliko makofi yote aliyowahi kupigiwa, na kwa sababu hiyo hiyo moyo ulimuuma. Kumpa mmoja ni kuwanyima wawili, na wote aliwalea mwenyewe.

Treni ikapiga honi. Mtungi umo mikononi mwake. Mbele yake imenyooshwa mikono mitano, na wa sita umefungwa bendeji.

Haya, msinikodolee macho mimi, kuamua nimeshindwa. Semeni nyinyi, tena upesi, treni haingoji: kati ya hao watatu, nani alistahili mtungi?