Kuku Ndani ya Koti

Alikuwepo mkuu wa gereza aitwaye Ngalapa, tumbo mbele, utu nyuma. Binti mmoja, Semeni, alipokwenda kwake kuomba kazi ya uaskari, Ngalapa alimcheka.

"Kijitu kama njiti ya kiberiti! Lete kuku wa kuchoma, ndipo tuongee."

Siku ya usaili Semeni alimkabidhi kuku wa moto, mkaguzi kutoka makao makuu akiwa anaingia mlangoni. Ngalapa akamfutika haraka ndani ya koti.

Mkaguzi alimsogezea Semeni kiti. "Binti, unaweza kazi gani?"

"Kupekua, afande."

Ngalapa akaangua kicheko. "Huyu? Hata tembo apite, hamwoni!"

"Basi afande, niruhusu nimpekue yeye."

Mkaguzi akacheka, akaruhusu. Semeni akatia mkono kotini, akamtoa kuku akichuruzika mafuta.

"Ngalapa, huyu katoka wapi?"

Ngalapa alimkodolea Semeni macho. Akisema kapewa, amekiri rushwa. "Sijui, afande."

"Masikini," alisema Semeni. "Hajui kilichomo kwapani mwake, atajuaje kilichomo gerezani?"

Mkaguzi alimtuma Semeni stoo akapimwe sare. Ngalapa aliambiwa avue yake.