Anwani Nne za Mzee Mihambo

Ndugu, kabla hujampa mtu anwani yako ya baruapepe, soma kisa hiki.

Mzee Mihambo alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji nyuki. Asali yao ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, naye aliagiza kwa baruapepe. Siku moja barua yake ikazama katikati ya barua mia tatu za matapeli: umeshinda gari, mjane tajiri anakutafuta, dawa ya nguvu. Mzee alipoiona, siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita. Asali ikabaki kwenye mapipa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee alifoka. "Kuna mtu ametoa anwani yetu!"

Waliokuwa nayo ni watatu: Kapela mweka hazina, Nkamba dereva na Bi Mwashi katibu. Mzee alimshuku zaidi Bi Mwashi, eti kwa sababu alishinda kwenye kompyuta akicheka peke yake. Akamsimamisha kazi.

Ushahidi hakuwa nao, kwa hiyo akatega mtego. Alifungua anwani nne mpya, akampa kila mmoja ya kwake, hata Bi Mwashi aliyesimamishwa, na kumnong'oneza, "Hii ni siri yako na mimi." Ya nne alibaki nayo mwenyewe. Hata mkewe hakuijua.

Baada ya wiki tatu akachungulia. Ya Kapela, safi. Ya Nkamba, safi. Ya Bi Mwashi, safi kabisa. Ya kwake ilikuwa imefurika.

Akaenda nyumbani kwa Bi Mwashi, maana ndiye aliyejua mambo ya mtandao.

"Mwanangu, nimerogwa. Anwani niliyoificha hata kwa mke wangu imejaa matapeli, hii hapa!"

Bi Mwashi aliitafuta ile anwani ya nne mtandaoni, akamwonyesha simu. Lilikuwepo tangazo la kitabu cha bure cha ufugaji nyuki, na chini yake watu mia nne wameandika: "Mkuu, nitumie na mimi, anwani yangu hii hapa." Wa kumi na mbili alikuwa Mzee Mihambo.

"Lakini nilimwandikia mwenye kitabu tu!"

"Baba, pale anasoma kila mtu. Matapeli hupita wakijiokotea."

"Na ile anwani ya zamani?"

Bi Mwashi akatafuta tena. "Hii uliiandika chini ya tangazo la mbegu za alizeti, mwaka juzi."

Mzee aliona aibu mpaka akashindwa kuinua uso. Kesho yake, mbele ya wanachama wote, alimrudisha Bi Mwashi kazini na kumwomba radhi. Radhi aliipata. Mnunuzi hakurudi.

Funzo: Usimwage anwani yako hadharani kisha ukawatuhumu walio karibu nawe. Mpe anayehusika, tena faraghani.