Miaka Mia ya Bi Kazija

Hapo zamani, wafalme walipokohoa bure na raia wakikohoa kwa hesabu, palikuwa na msuka majamvi katika mji wa Mwangani, jina lake Chande, fukara asiye na kitu ila mama na ulimi. Basi mama yake, Bi Kazija, akashikwa na kifua, naye Chande akaenda kuomba dawa katika ghala la Sultani.

Waziri Badawi akafunua kitabu cha kanuni alichokitunga mwenyewe. "Dawa isizidi dinari moja kwa kila mwaka aliobakiwa nao mgonjwa. Chupa ni dinari kumi. Mama yako ana umri gani?"

"Sabini na minane, bwana."

"Basi imebaki miwili, na hapo nimemhurumia. Hana faida. Mpe tangawizi."

Chande akatoka roho juu, maana tangawizi alikwisha mpa hadi ikamtoka puani, na kifua kilikuwa kikilia kama mlango mbovu.

Ikawa Ijumaa. Desturi ya mji ule, Sultani akitoka msikitini husimama kizingitini, na kila amsalimuye humjibu, "Nakupa miaka mia." Na neno la Sultani halikuwa likirudi nyuma. Chande akambeba mama yake mgongoni mpaka pale, naye Waziri Badawi alikuwa amesimama kando ya Sultani.

"Usinikung'ute, we mtoto! Mimi si jamvi," akanung'unika Bi Kazija, kisha akaubusu mkono wa Sultani. "Masalkheri, Maulana."

"Nakupa miaka mia," akajibu Sultani, pua yake ikifuata pilau.

Chande akapiga magoti. "Ahsante, Maulana! Waziri, ulimnyima mama dawa ukisema amebakiwa na miaka miwili tu; sasa andika mia. Dinari kumi kwa miaka mia, yaani dinari moja kwa miaka kumi. Nchi nzima hamna mgonjwa rahisi kuliko mama yangu!"

"Mpumbavu! Ile ni salamu tu," akafoka waziri.

"Salamu tu? Juzi jirani yangu alinyang'anywa shamba kwa neno la Maulana. Nikamwambie nalo lilikuwa salamu?"

Chande akaipapasa shingo yake kama anayeiaga. Sultani akamgeukia waziri.

"Hiyo miwili uliipata wapi?"

"Nilikisia, Maulana."

"Ulikisia! Nami nikakitia muhuri kitabu chako!" Sultani akacheka kwa haya mpaka kilemba kikamlegea. "Mpeni chupa."

Bi Kazija akainywa palepale, akakunja uso. "Chungu hivi, na miaka mia yote?" akauliza. "Maulana, huwezi kunipunguzia?"