Hodi za Alfajiri

Alikuwapo mwanamke mmoja, Nakunda, mshonaji wa nguo, aliyeandika vitabu. Hakuwa na mchapishaji wala mfadhili. Alichokuwa nacho ni ule muda mfupi wa alfajiri, kabla hajakaa kwenye cherehani. Hapo aliandika ukurasa mmoja, akaufunika, akaenda kushona. Ukurasa mmoja tu! Lakini kwa mwendo huo alikwisha kutoa vitabu viwili, akaviuza mwenyewe gulioni, na cha tatu kilikuwa katikati.

Basi alfajiri moja, hodi! Ni shemeji yake, Elinaja, mzee wa kanisa.

"Shemeji, fungua! Nataka uniandikie risala ya harusi ya binti yangu."

"Niko kazini, shemeji. Njoo mchana."

"Kazini?" Elinaja alicheka hata kikohozi kikamkaba. "Kazi gani ya kukaa kitako? Si unaandika tu!"

Nakunda akaendelea kuandika.

"Haya, jifungie. Siku ukifa utazikwa na makaratasi yako."

Mnajua wenyewe neno hilo linavyokata. Nani kwetu asiyeogopa jeneza lake kukosa wabebaji? Nakunda akainuka, akafungua. Kesho yake akaja mwingine na kadi za mchango. Kisha wa kikao cha kipaimara. Kisha mama wa kwaya, aliyetaka kupiga soga tu. Kila mmoja alisema, "Sikucheleweshi." Nakunda akafungua, akafungua, hata akaona haya kuketi mezani. Gulioni wasomaji wake wakamwuliza, "Cha tatu lini, dada?" Akajibu, "Bado." Mwishowe wakaacha kuuliza. Kitabu kikafia katikati.

Mwaka uleule usharika wao ukaalika mwandishi kutoka mjini. Akatandikiwa zulia. Elinaja akasimama, akauliza kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa, umewezaje?"

Mgeni akajibu, "Kila asubuhi nafunga mlango. Hata mama yangu hagongi."

Wakapiga makofi! Wakasema amina! Naye Elinaja akawageukia wenzake kwa majonzi: "Jamani, mbona sisi Mungu hatupi waandishi?"

Nakunda alikuwa akipitisha birika la chai. Akamjazia Elinaja kikombe.

Hatupi? Ndugu zangu, nina hasira, wala sitaifunika kwa tabasamu la mimbarini. Mungu alitoa, sisi tukagonga. Kila jambo lina jina lake. Kumng'oa mtu kazini mwake kila alfajiri si upendo, wala si umoja. Jina lake ni wizi, na mwizi aliyepiga hodi ni mwizi vilevile. Au mnadhani kitabu huota chenyewe kama magugu? Mgeni akifunga mlango twasema ana nidhamu. Jirani yetu akiufunga twasema anaringa. Tuna macho gani sisi?

Na wewe unayeandika, usijifiche nyuma ya Elinaja. Komeo lilikuwa upande wako. Kwenye msiba nenda, mgonjwa mwangalie; lakini risala ya harusi ingeweza kungoja mchana, nawe ulijua. Uliogopa watu kuliko ulivyoiheshimu karama yako.

Leo msiniitikie amina, siitaki. Kesho alfajiri, ukiona taa inawaka kwa jirani yako, pita kimya.