Makoti ya Walimu wa Majabalini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakivaa makoti, palikuwa na shule ya sekondari huko Majabalini. Mkuu wake alikuwa Nyati.

Kila asubuhi Nyati alipita madirishani kukagua walimu. Akiona koti kitini, huandika: yupo. Kisha huyo, amekwenda zake. Salamu hatoi, pole haijui. Chai ya saa nne aliifuta. Watoto wakifaulu, husema, "Nimefaulisha."

Mwalimu Pimbi, mdogo kuliko wote, alifundisha hesabu. Moyo ukampoa. Madaftari yakalala bila kusahihishwa.

"Kosa ni langu pia, dada," alimwambia Mwalimu Twiga. "Mtihani wa Kidato cha Nne umebaki mwezi. Wakifeli, nitamjibu nini Mola?"

"Mwambie Mkuu."

"Nimemwambia mara tatu. Anasema ualimu ni wito. Kesho ninyi walimu wengine mwachieni makoti tu vitini. La kwangu niachieni mwenyewe."

Kesho yake ukungu ulishuka. Nyati akapita: koti, koti, koti. Akaandika. Lakini shule ilikuwa kimya kama makaburini. Wanafunzi wameketi wima, macho kwenye makoti, hawapepesi.

Akaingia darasa la hesabu. "Mwalimu Pimbi?"

Mkono wa koti ukainuka, mtupu. Fwii. Sauti nyembamba ikatoka kolani: "Hayupo."

"Nani wewe?"

"Koti. Si mimi unayenikagua kila siku?"

Nyati akarudi nyuma hadi mlangoni. "Mwalimu yuko wapi?"

"Ameisha kidogo kidogo. Ulipompita akiwa mgonjwa bila kumuuliza hali, ilikwenda miguu. Ulipofuta chai, ukaenda mgongo. Uliposema 'nimefaulisha', ukaenda moyo."

"Anarudi vipi?"

"Msalimie."

Nyati akalisogelea koti. "Hu... hujambo, Mwalimu? Pole na kazi. Chai itarudi. Na wale watoto, mliwafaulisha ninyi."

Koti likajaa. Pua ya Pimbi ikachomoza kolani, na ufito aliouinulia mkono wa koti ukaanguka sakafuni, kwacha.

Nyati aliuona. Akainamisha pembe kwa hasira. Lakini darasa zima lilikuwa limemsikia.

"Sijambo, Mkuu," alisema Pimbi. "Nami unisamehe. Madaftari yamelala wiki mbili. Leo nayasahihisha."

Nyati alikwenda darasa lililofuata, akasimama mbele ya koti la Twiga, akavua kofia kulisalimu.

Nami msimulizi wenu, niliyewapita wengi bila salamu, nakiri, wanangu: asiyeshukuriwa kazini hubaki koti.